Leseni ya mwezeshaji wa silosaibini Oregon: maswali ya wauguzi, washauri nasaha na wanasaikolojia

Ukurasa huu ni wa wahudumu wa afya wanaozungumza Kiswahili, hasa walioko Marekani, wanaofikiria kuingia kwenye kazi ya mwezeshaji, yaani kuwasimamia watu wanaotumia dawa za saikedeliki (zinazobadili fikra na hisia kwa muda), hasa silosaibini iliyomo kwenye aina fulani za uyoga, kwa ajili ya nafuu ya kiakili. Tumeegemea Oregon kwa sababu ndilo jimbo la kwanza kutoa leseni, na kanuni zake zimeshapata muda wa kuonyesha zinapobana na zinapovuja. Colorado, Australia na nyumbani Afrika Mashariki vinakuja baadaye. Kanuni za Oregon hufanyiwa marekebisho mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote soma toleo la sasa la kanuni za jimbo, sura ya 333-333.

Je, silosaibini ni halali Oregon?

Ni halali ndani ya kuta za kituo tu. Wapiga kura walipitisha Hoja ya 109 Novemba 2020, jimbo likapewa miaka miwili ya kuandaa kanuni, maombi ya leseni yakaanza kupokewa tarehe 2 Januari 2023, na wateja wa kwanza wakahudumiwa katikati ya mwaka huo. Uyoga huliwa ndani ya kituo chenye leseni, mbele ya mwezeshaji mwenye leseni, na mteja hatoki na hata kipande mfukoni. Hakuna duka la uyoga wala dozi ndogo za kubeba nyumbani.

Kaunti na miji mingi ilipiga kura kukataa vituo kwenye maeneo yao. Ndiyo maana utavikuta zaidi Portland, Eugene, Bend na Ashland, huku maeneo makubwa ya mashariki ya jimbo yakiwa matupu.

Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, hata hivyo, silosaibini bado imo katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya Vitu Vinavyodhibitiwa ya mwaka 1970, yaani orodha ya dawa zinazobanwa kwa ukali zaidi, pamoja na heroini. Sentensi hiyo moja ndiyo chimbuko la nusu ya majibu yaliyo hapa chini.

Mwezeshaji ni tabibu?

Hapana, na wengi wanaotoka hospitalini hukwama hapa. Sheria ya Oregon haikuunda matibabu. Iliunda huduma. Mteja anahitaji kuwa na umri wa miaka 21 au zaidi. Hahitaji ugonjwa, barua ya daktari wala utambuzi wowote. Mwezeshaji naye hahitaji shahada ya afya: umri wa miaka 21, cheti cha sekondari, mafunzo yaliyoidhinishwa, mtihani, na rekodi safi ya jinai.

Matokeo yake ni kwamba mwezeshaji haruhusiwi kutambua ugonjwa wala kudai kwamba anatibu sonona, kiwewe au ulevi. Ukiandika kwenye tovuti yako "tunatibu sonona kwa uyoga," umeshavuka mipaka ya leseni yako hata kabla mteja wa kwanza hajapiga simu. Andika unachofanya: unaandaa, unakaa na mteja, unafuatilia.

Hatua za kupata leseni ni zipi, na gharama yake?

Anza na chuo. Mtaala wake lazima uwe umeidhinishwa na Mamlaka ya Afya ya Oregon, na kiwango cha chini ni saa 120 za masomo pamoja na saa 40 za mazoezi kwa vitendo. Ada ni maelfu ya dola na hutofautiana sana, kwa hiyo uliza mapema jambo moja: je, nafasi ya mazoezi kwa vitendo imo ndani ya ada, au unaachiwa ujitafutie kituo? Wanafunzi wengi humaliza masomo ya darasani kisha wakasubiri miezi kwa sababu vituo ni vichache na kila mteja lazima aridhie kuwa na mwanafunzi chumbani.

Ukishapata cheti, unafanya mtihani wa jimbo mtandaoni, unafungua akaunti kwenye mfumo wa maombi wa mamlaka hiyo, unapeleka alama za vidole kwa uchunguzi wa rekodi, na unalipa dola 150 za maombi. Leseni ikikubaliwa unalipa dola 2,000, na utazilipa tena kila mwaka. Maveterani, wanaopokea msaada wa chakula na wenye bima ya afya ya jimbo hulipa nusu. Sharti la kuwa mkaazi wa Oregon liliisha mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo mtu wa Seattle au Boise anaweza kuomba.

Leseni ya mwezeshaji haikupi haki ya kufungua kituo. Kituo kina leseni yake yenye ada ya dola 10,000 kwa mwaka, na kisiwe ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni. Mzalishaji wa uyoga na maabara ya upimaji nao wana leseni zao. Wewe huuzi uyoga. Anayeuza ni kituo.

Kikao kinaendaje, na dozi ni kiasi gani?

Kuna vikao vitatu. Cha maandalizi ni cha lazima na kifanyike angalau saa 24 kabla ya dozi, ili mteja apate usiku wa kubadili mawazo. Hapo ndipo mnapojaza fomu ya taarifa za afya, ridhaa, mpango wa usalama na mpango wa usafiri. Mpango wa usafiri si mapambo: mteja haendeshi gari siku hiyo, na "nitaita teksi" bila jina la mtu wa kumpokea nyumbani ni mpango dhaifu.

Kikao cha pili ni cha dozi. Kiwango cha juu ni miligramu 50 za silosaibini kwa kikao kimoja, na dozi ya nyongeza, kama mlikubaliana mapema, huhesabiwa ndani ya hizo 50. Kwa kulinganisha, majaribio mengi ya kitabibu ya sonona yametumia miligramu 25. Kipimo ni miligramu zilizopimwa maabara kwa sababu gramu za uyoga mkavu hudanganya: gramu 3 za mavuno haya zinaweza kuwa na nguvu maradufu ya gramu 3 za mavuno yale. Aina inayoruhusiwa ni moja tu, Psilocybe cubensis.

Athari huanza baada ya dakika 30 hadi 60, hupanda hadi kilele kati ya saa ya pili na ya tatu, kisha hushuka. Muda wa chini wa kikao hupangwa kulingana na dozi, na dozi kubwa inamaanisha kukaa karibu saa 6. Kosa la kawaida la wageni kwenye kazi hii hutokea dakika ya 45: mteja anasema hasikii chochote, mwezeshaji anaingiwa na wasiwasi, nyongeza inatolewa, na saa moja baadaye dozi zote mbili zinapanda kwa pamoja. Subiri. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo hupanda pia, kwa hiyo mteja mwenye presha isiyodhibitiwa unapaswa kuwa umemkataa tangu maandalizi.

Kikao cha tatu, cha ufuatiliaji, mteja anaweza kukikataa. Mpe hata hivyo tarehe mkononi, maana anayepata shida siku ya tatu mara nyingi ni yule aliyesema hahitaji.

Nani haruhusiwi kabisa kupewa?

Kanuni inakataza watu wa aina tatu: aliyetumia lithiamu ndani ya siku 30 zilizopita, mwenye mawazo ya kujidhuru au kudhuru wengine, na mwenye saikosisi au aliyewahi kutibiwa saikosisi. Lithiamu imo kwa sababu kuna taarifa za watu kupata degedege walipoichanganya na dawa za saikedeliki.

Huo ndio mstari wa chini wa sheria. Wawezeshaji makini huongeza wao: ugonjwa wa moyo, ujauzito na kunyonyesha, na ndugu wa karibu mwenye skizofrenia au ugonjwa wa hisia mseto. Una haki ya kukataa mteja, na kukataa kwako kuandikwe.

Mteja anatumia dawa za sonona na anauliza aache lini. Nimjibu nini?

Mrudishe kwa aliyemwandikia. Dawa nyingi za kundi la SSRI, ambazo ndizo dawa za sonona zinazotumika zaidi, hupunguza makali ya silosaibini, kwa hiyo mteja aliyesoma mtandaoni atataka kuziacha wiki mbili kabla. Akiziacha ghafla hupata kizunguzungu, usingizi uliovurugika na sonona inayorudi kwa kishindo, na anafika kituoni akiwa hoi kuliko alivyokuwa. Mwezeshaji anayemwambia "punguza nusu kuanzia Jumatatu" anafanya udaktari bila leseni, hata kama kwa siku nyingine za wiki ni muuguzi wa miaka 20. Tramadoli (ya maumivu) na dawa za kundi la MAOI (dawa za sonona za zamani) ni hatari zaidi, kwa hiyo orodha kamili ya dawa, na hasa za maumivu, ipatikane kwenye maandalizi.

Naruhusiwa kumgusa mteja?

Ndiyo, kwa kiasi kidogo kilichoandikwa. Mteja anaridhia kabla ya dozi, kwa maandishi, na mguso wenyewe ni kumkumbatia au kuweka mkono kwenye mikono, miguu au mabega yake. Ridhaa inayotolewa katikati ya kilele haihesabiki. Anayeweza kuiondoa muda wowote ni mteja, lakini kuipanua hawezi. Kwa wengi wetu tuliolelewa kwenye desturi ya kumshika mgonjwa mkono bila kuuliza, hapa ni mahali pa kujizuia kwa makusudi. Kukandamiza kichwa, kukanda mgongo, kulala kando ya mteja: vyote viko nje.

Mimi ni muuguzi au mshauri nasaha mwenye leseni. Leseni yangu ya awali inaathirika vipi?

Hili ndilo swali kubwa, na tunalipa nafasi yake.

Kwanza, leseni hizo mbili hazichanganyiki zenyewe kwa zenyewe. Kanuni za awali za Oregon zilimkataza mwezeshaji kutumia mamlaka ya leseni yake nyingine wakati anatoa huduma ya silosaibini. Daktari akivaa kofia ya mwezeshaji hakuwa daktari kwa saa hizo sita: haandiki dawa, hachomi sindano, hatoi utambuzi. Mantiki yake ilikuwa kuzuia huduma isigeuke kliniki kwa mlango wa nyuma. Athari yake ilikuwa ya ajabu, kwa maana mtu aliyesomea zaidi dharura ndiye aliyefungwa mikono zaidi. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya HB 2387 iliyoanza kulegeza ukuta huo kwa wenye leseni mbili. Usitegemee maelezo ya chuo yaliyochapishwa kabla ya hapo, na usidhani kwamba kulegezwa ni kufutwa.

Pili, leseni ya uwezeshaji haikukingi mbele ya bodi nyingine. Bodi ya wauguzi, ya washauri au ya wanasaikolojia ina kanuni zake za mwenendo, na malalamiko yaliyofunguliwa dhidi yako kama mwezeshaji yanaweza kupelekwa huko pia. Fomu ya kuhuisha leseni ya uuguzi ikiuliza kama umewahi kuadhibiwa na mamlaka yoyote ya leseni, jibu la kweli litahusu hata adhabu ya leseni ya uyoga.

Tatu, wateja wako wa zamani. Mshauri anayemhamisha mteja wake wa kila wiki kwenda kituoni anajiweka kwenye uhusiano wa pande mbili: unapata pesa mara mbili kwa mtu yuleyule, na yeye anashindwa kukuambia hapana. Njia safi ni kumpeleka kwa mwezeshaji mwingine na kubaki mshauri wake. Ukiamua kufanya yote mawili, tenganisha mafaili, mikataba, risiti na hata chumba. Ankara ya bima ya afya isiwe na hata dakika moja ya kikao cha uyoga. Kuidai bima kwa huduma isiyolipiwa na bima ni udanganyifu, na hapo hakuna sheria ya jimbo itakayokuokoa.

Nne, mwajiri. Hospitali za serikali kuu, zikiwamo za maveterani, zinafuata sheria ya serikali kuu. Hospitali binafsi nyingi zina sera ya kazi za nje inayotaka uzitangaze. Daktari au muuguzi mwandamizi mwenye namba ya kuandika dawa zinazodhibitiwa afikirie mara mbili, kwa sababu namba hiyo hutolewa na wakala uleule unaosimamia Jedwali la Kwanza.

Kabla ya kujiandikisha chuoni, iandikie bodi yako barua pepe yenye swali moja lililo wazi, na uhifadhi jibu. Mazungumzo ya simu hayasomwi kwenye shauri.

Naishi Vancouver, Washington, ng'ambo ya mto tu. Inaleta tofauti?

Kubwa. Leseni yako ya uuguzi ni ya Washington, ambako silosaibini bado ni kosa, na bodi ya huko haifungwi na sheria ya Oregon. Washington imo pia kwenye mkataba wa leseni ya uuguzi ya majimbo mengi, kwa hiyo adhabu ya nyumbani inakufuata kila jimbo la mkataba. Vikao vya maandalizi au ufuatiliaji kwa njia ya video ukiwa umekaa Washington usivifanye kabla mwanasheria hajakujibu.

Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, sijapata uraia. Naweza kuomba leseni?

Jimbo halitakuzuia. Tatizo liko uhamiaji, na kwa msimamo wetu usiombe hadi uapishwe uraia, au hadi mwanasheria wa uhamiaji aliyesoma faili lako akupe jibu la maandishi.

Sababu ni hizi. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu na haitambui ruhusa ya Oregon. Asiye raia anaweza kukataliwa kuingia nchini kwa kukiri tu mbele ya ofisa kwamba ametenda mambo yanayounda kosa la dawa zinazodhibitiwa, bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Kuna pia kifungu kinachomruhusu ofisa kumzuia mtu ikiwa ana "sababu ya kuamini" kwamba anahusika na biashara ya dawa hizo, nacho hakihitaji hukumu. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kufanya kazi katika biashara ya bangi, hata pale jimbo linapoihalalisha, kunaweza kumnyima mtu sifa ya mwenendo mwema anapoomba uraia. Mwongozo ule ulitaja bangi, lakini hoja yake ilikuwa Jedwali la Kwanza, na silosaibini imo humohumo.

Hatari hujitokeza mahali patatu: kwenye fomu ya uraia, kwenye usaili, na uwanja wa ndege unaporudi kutoka likizo Mombasa au Dar es Salaam. Ofisa akiuliza unafanya kazi gani, kudanganya ni kosa jipya na kusema kweli ni ungamo. Unaweza kunyamaza na kuomba mwanasheria, ingawa kwenye ukaguzi wa kuingia nchini ofisa kwa kawaida halazimiki kukuruhusu kuwa naye, na mwenye viza ya muda ana nafasi nyembamba zaidi. Wenye viza za kazi, wanafunzi na waombaji hifadhi wako pabaya zaidi ya mwenye kadi.

Vyuo kadhaa huwahimiza wanafunzi wawahi kuonja dawa wenyewe ili "wajue njia." Hakuna sharti kama hilo katika sheria. Kwa asiye raia, hilo ni tendo la kukataa bila kuona haya.

Kodi na benki je?

Kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya serikali kuu hukataza biashara inayouza vitu vya Jedwali la Kwanza au la Pili kukata gharama zake za kawaida. Kituo kinachoingiza dola 300,000 na kutumia 250,000 kwa kodi ya pango, mishahara na bima, kwa biashara ya kawaida kingetozwa kodi juu ya 50,000. Chini ya 280E kinaweza kutozwa juu ya karibu mapato yote, ukiondoa gharama ya uyoga wenyewe. Vituo kadhaa vya Oregon vimeshafungwa, na hesabu za namna hii zimechangia.

Mwezeshaji anayelipwa kwa muda wake tu, asiyegusa mauzo, ana hoja kwamba kifungu hakimhusu. Hoja hiyo hujengwa kwenye karatasi: mkataba tofauti na kituo, ankara tofauti, na mteja anayelipa uyoga kwa kituo na huduma kwako. Mkipokea malipo kwa mkupuo mmoja mmeibomoa wenyewe. Akaunti ya benki ya biashara ifunguliwe kwa maelezo ya kweli; benki ikigundua baadaye itaifunga na kukupa siku chache za kuhamisha pesa.

Bima yangu ya makosa ya kitaaluma inatosha?

Karibu kila mara, hapana. Mikataba ya wauguzi na washauri huondoa vitendo vinavyovunja sheria ya serikali kuu, au hufunika tu kazi iliyo ndani ya leseni ile. Tafuta bima inayotaja uwezeshaji wa silosaibini kwa jina, na uangalie kama inalipia pia mwanasheria wa kukutetea mbele ya bodi. Malalamiko ya bodi ni mengi kuliko kesi za fidia.

Kazi hii inalipa?

Fanya hesabu kabla ya kuacha zamu zako. Mteja mmoja ni kama saa 10: maandalizi saa moja na nusu, dozi saa 6, ufuatiliaji saa moja, na karatasi. Tuseme kwenye bei anayolipa mteja wewe unabaki na dola 800. Hizo ni dola 80 kwa saa, si haba. Lakini ukipata wateja 15 kwa mwaka, mapato ni 12,000. Ondoa leseni 2,000, bima, na mafunzo uliyolipa. Muuguzi wa zamu Portland anapata zaidi kwa usingizi mzuri. Wanaodumu ni wale wenye wateja wa vikundi, au wanaofanya hivi pembeni ya kazi nyingine. Tangu 2025 vituo hukusanya pia takwimu za wateja kwa ajili ya jimbo chini ya sheria ya SB 303, na muda wa kujaza fomu hizo haulipwi na mtu.

Colorado ni tofauti vipi?

Kwa mhudumu wa afya, Colorado imekaa vizuri zaidi. Wapiga kura walipitisha Hoja ya 122 Novemba 2022, na leseni zikaanza kutolewa 2025. Jimbo lilitenganisha mwezeshaji wa kawaida na mwezeshaji wa kitabibu. Huyu wa pili ana leseni nyingine ya afya na anaruhusiwa kushughulikia ugonjwa ulio ndani ya mipaka ya leseni hiyo, jambo ambalo Oregon ililikwepa tangu mwanzo. Mafunzo ni marefu zaidi: saa 150 za masomo, 40 za vitendo chini ya usimamizi, na 50 za mashauriano baada ya hapo. Watu wengi husahau hizo 50 wanapopanga bajeti.

Wasimamizi nao ni wawili. Leseni za watu ziko chini ya idara ya udhibiti wa taaluma, na za vituo na wakulima ziko chini ya Idara ya Mapato. Barua ikienda kwa idara isiyohusika hukaa. Yote tuliyosema kuhusu uhamiaji na serikali kuu yanabaki vilevile.

New Mexico imepitisha sheria yake 2025, ya kitabibu zaidi kuliko zote mbili, na utekelezaji unatakiwa uwe tayari kufikia mwisho wa 2027.

Na Australia?

Australia ilipita njia nyingine kabisa. Tangu tarehe 1 Julai 2023, daktari bingwa wa magonjwa ya akili aliyeidhinishwa anaweza kuandika MDMA (inayojulikana mitaani kama ekstasi) kwa kiwewe na silosaibini kwa sonona sugu isiyosikia dawa. Idhini hupewa daktari mmoja mmoja, baada ya kamati ya maadili kupitia itifaki yake. Mwanasaikolojia, muuguzi au mshauri hapewi idhini. Anafanya kazi chini ya daktari huyo. Hapo mzigo wa kisheria uko kwa mtu mmoja, na mshahara wa wengine hutegemea uvumilivu wake kwa makaratasi.

Kwa nini Marekani iliikataa MDMA mwaka 2024, na sisi inatuhusu nini?

Tarehe 4 Juni 2024 kamati ya washauri ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ushahidi wa ufanisi hautoshi, na 10 kwa 1 kwamba faida hazizidi hatari. Tarehe 9 Agosti FDA ikakataa ombi la kampuni ya Lykos la kuidhinishiwa MDMA na kutaka jaribio jingine la awamu ya tatu. Sehemu ya tatizo ilikuwa ya kisayansi: aliyepewa MDMA hujua amepewa, kwa hiyo kumficha mshiriki asijue dawa yake kulishindikana.

Sehemu nyingine ilituhusu moja kwa moja. Katika jaribio la awali lililofanyika Kanada mwaka 2015, wataalamu wawili walirekodiwa kwenye video wakimkumbatia na kumbana mshiriki aliyekuwa chini ya dawa, na mmoja wao baadaye akawa na uhusiano wa kimapenzi naye. Huyo hakuwa na leseni ya kitaaluma, kwa hiyo hapakuwa na bodi ya kumnyang'anya kitu. Agosti 2024 jarida la Psychopharmacology liliondoa makala tatu za utafiti wa MDMA. FDA husimamia dawa. Tiba ya maongezi haiko mikononi mwake, na ndiyo maana pengo la nani amsimamie mtaalamu lilibaki wazi hadi mwisho. Ukishangaa kwa nini kanuni za mguso za Oregon zimeandikwa kwa ukali kiasi kile, soma tena aya hii.

Ketamini imo kwenye kanuni hizi?

La. Ketamini, dawa ya nusu kaputi, iko Jedwali la Tatu lisilobana sana, daktari anaweza kuiandika, na mwezeshaji wa silosaibini hana kazi nayo. Eskitamini, aina ya ketamini ya kupuliza puani kwa ajili ya sonona, iliidhinishwa Machi 2019, hutolewa kwenye kituo kilichosajiliwa, mgonjwa anaangaliwa kwa angalau saa 2 na haendeshi gari hadi kesho yake baada ya kulala. Asiye raia mwenye hamu ya kazi hii ana njia halali hapa: muuguzi kwenye kliniki ya eskitamini hagusi Jedwali la Kwanza.

Nikirudi Nairobi au Dar es Salaam na cheti cha Oregon, naweza kufungua huduma?

Huwezi. Silosaibini na MDMA zimo kwenye Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Kenya inazibana kwa sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994, Tanzania kwa ile ya 2015, na hakuna leseni ya aina hii katika nchi hizo mbili. Cheti hakitambuliwi na baraza lolote la taaluma. Matangazo ya mapumziko ya uyoga yanayosambaa kwenye WhatsApp hayana kinga ya kisheria hata kama mwendeshaji ana cheti cha nje ukutani. Ketamini iko hospitalini kama dawa ya nusu kaputi, mikononi mwa wanaoruhusiwa kuitumia.

Unachoweza kufanya kihalali, ukiwa umesajiliwa kama mshauri au mwanasaikolojia, ni kumsikiliza na kumsaidia mtu aliyetumia dawa hizi nje ya nchi akarudi amevurugika. Ushauri huo hauhitaji dawa yoyote chumbani, ila andika kwenye faili kwamba hukumpa wala hukumwelekeza pa kuipata.

Nimelalamikiwa kwa mamlaka. Nianze wapi?

Usimpigie mteja. Usiongeze neno kwenye kumbukumbu za kikao. Ukiwa na cha kuongeza, andika ukurasa mpya wenye tarehe ya leo. Iarifu kampuni ya bima siku hiyohiyo, maana mikataba mingi hukataa taarifa iliyochelewa. Kusanya fomu ya taarifa za afya, ridhaa ya mguso, mpango wa usafiri, namba ya bidhaa na muda wa kuanza na kumaliza. Kisha soma barua ya mamlaka uone inauliza kanuni gani, na ujibu hiyo tu, kupitia mwanasheria, kabla ya tarehe iliyoandikwa.